Kufuli halifunguki, hufunguliwa

Wiki hii nimelisikia tena tukikagua msimbo wa mwenzetu: "Programu ikishindwa kuwaka, kufuli linafunguka." Halifunguki.

Kufuli kwenye programu ni kitu ambacho uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi kati ya kadhaa zinazokwenda pamoja ndani ya programu) hukishika ili nyuzi nyingine zingoje wakati wenyewe unagusa data ya pamoja. Maana ni hiyo tu. Ninachogombana nacho ni kitenzi.

Jina kufuli tumelipata kwa Waarabu, qufl, lakini vitenzi vyake ni vya Kibantu na vina mambo. Funga ukikitia -ua kinakuwa fungua, yaani kutendua kilichotendwa, kama ziba na zibua, kunja na kunjua. Kisha njia zinaachana. Mlango ukifunguka, huenda ni upepo. Ukifunguliwa, yupo aliyeufungua. Anayesema "linafunguka" amemtoa mtendaji kwenye sentensi, na mara nyingi nikitazama msimbo wake namkuta amemtoa huko pia.

Funksheni ya kuanzisha, iliyoandikwa kwa lugha ya C, inashika kufuli kwa pthread_mutex_lock, inatafuta faili la mipangilio, inalikosa, inarudisha -1, yaani imeshindwa. Mstari wa kulifungua, pthread_mutex_unlock, uko chini zaidi na haukufikiwa. Kwa aliyeandika, faili lipo siku zote, kwa hiyo hakuona kitu. Kwenye seva, logi ina kosa moja, halafu kimya. Nyuzi zilizobaki zimepanga foleni, prosesa imetulia, watu wanasema programu imeganda. Hata uzi ulioshika kufuli ukimaliza kazi na kuondoka, mutex ya kawaida, yaani kufuli la aina hii, inabaki imefungwa.

Dhana hii kwamba kufuli hufunguka lenyewe naijua ilikotoka. Makufuli ya faili yanayowekwa kwa fcntl, wito wa mfumo endeshi, huachiliwa mchakato (programu inayokwenda) ukifa. Lakini hata hapo yamefunguliwa, na kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Na lock_guard ya C++11, ambayo wengi huiona kama muujiza, ina desturukta, funksheni inayoitwa kitu kikifikia mwisho wake, inayofungua kufuli hata ukitoka njiani kwa kosa. Kurudisha -1 si kufa, na C haina desturukta.

Wanaoandika kerneli ya Linux kwa C wamezoea goto, amri ya kuruka: kosa likitokea unarukia lebo iliyo chini ya funksheni, na kuanzia hapo hatua zinatenduliwa kinyumenyume, ya mwisho kufungwa ikifunguliwa kwanza. Kila hatua iwe na lebo yake, maana kufungua kufuli ambalo hukulishika nalo ni kosa.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiandika maelezo ya msimbo wako, andika "kufuli linafunguliwa na", kisha utaje mstari. Ukikosa wa kutaja, rudi kwenye ile return -1.