Usiisugue Sarafu ya Jajja

Shika mkononi senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936. Ni ya shaba, pana kuliko unavyotarajia kwa senti, ina tundu katikati, na pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu hilo. Geuza upande wa pili uone taji na jina la mfalme kwa Kilatini: EDWARDVS VIII. Huyo ni Edward wa Nane, aliyetawala Uingereza na makoloni yake kuanzia Januari 1936 hadi Desemba mwaka uleule, akaachia kiti ili amwoe Wallis Simpson, hata kutawazwa hakuwahi kutawazwa. Kwao Uingereza hazikutolewa kwa matumizi ya umma sarafu zenye sura yake. Huku kwetu senti tano na senti kumi zenye jina lake zilipigwa na kuingia sokoni, kwa sababu ya lile tundu: sarafu iliyotobolewa katikati haina mahali pa kuweka kichwa cha mfalme, kwa hiyo hapakuwa na picha ya kusubiri. Jina lilitosha.

Ukiitazama zaidi chini ya mwanga mzuri, huenda ukaona herufi ndogo sana, H au KN. Hizo ni alama za viwanda viwili vya Birmingham, Heaton na King's Norton, vilivyopiga sarafu kwa niaba ya makoloni. Zisizo na herufi zilipigwa na kiwanda cha kifalme cha London. Mkusanyaji anayejua hilo anaweza kuwa na senti kumi tatu za mwaka mmoja, zinazofanana kabisa kwa asiyejua, na kila moja ikawa na habari yake.

Wengi wanaotuletea sarafu kwenye jumba la makumbusho huuliza bei kwanza. Ni swali la haki. Senti ya Edward haina bei kubwa, maana zilipigwa nyingi mno, lakini ni miongoni mwa vitu vya kwanza ninavyowaonyesha wanafunzi, kwa kuwa inabeba habari nzito na bado mtu wa kawaida anaweza kuipata. Ushauri wangu kwa anayeanza kukusanya hapa Uganda ni huo: anza na sarafu zilizotumika, zile zilizolipa kodi na kununua chumvi, kabla hujatoa hela yako kununua sarafu za ukumbusho zinazong'aa ndani ya kisanduku.

Historia ya nchi hii unaweza kuipanga mezani kwa mpangilio wa miaka. Kabla ya chuma palikuwa na simbi, kauri za pwani zilizotungwa kwenye kamba na kutumika katika biashara ya Buganda na majirani zake. Rupia ya Kihindi ikaingia na misafara, na mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ikapiga rupia yake ya fedha yenye jina la Mombasa. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya nyumba kuwa rupia tatu kwa mwaka, na muda si mrefu serikali ya Protektoreti, yaani utawala wa Waingereza hapa Uganda, ikaacha kupokea simbi kama malipo ya kodi. Mkulima ambaye hajawahi kushika rupia ilimbidi aitafute, yaani auze kitu au auze nguvu zake. Rupia iliyochakaa ya wakati huo imepita katika mikono ya watu wa aina hiyo, na ndiyo maana mimi siioni kuwa mbovu kwa sababu imechakaa.

Kuna sarafu nyingine ya kipindi hicho ambayo ningependa kila mkusanyaji aione. Mwaka 1907 na 1908 zilipigwa senti moja na nusu senti za alumini kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za metali hiyo kwa matumizi ya kila siku. Zilikuwa nyepesi, zina tundu la kutungia kamba kama simbi zilivyotungwa, na wakubwa wa huko London waliziona nzuri sana. Unyevu wa huku ukazila. Jasho, mvua na udongo vilizitoboa na kuzitia madoa, na kuanzia 1909 senti ikapigwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukiipata ya alumini ikiwa na vishimo na madoa meupe, usidhani imeharibiwa na mtoto wa mtu. Hayo madoa ndiyo yaliyoifanya ibadilishwe.

Kisha kukaja vurugu ya rupia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, bei ya madini ya fedha ilipopanda. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwishoni mwa 1919, ikaleta florini mwaka 1920, na kabla watu hawajaizoea ikaleta shilingi. Kwa hiyo florini ni sarafu ya muda mfupi sana, na hiyo ni adimu kwelikweli. Shilingi iliyoifuata, yenye simba mbele ya milima, ilidumu. Za mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha ndani yake. Za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. Shilingi hiyohiyo ilinunua kitu Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, kuanzia 1936 Zanzibar, na baadaye hata Aden. Tunazungumza sana siku hizi juu ya sarafu moja ya Jumuiya. Wazee wetu walikuwa nayo mfukoni.

Benki Kuu ya Uganda ilifungua milango Agosti 1966, na sarafu za kwanza zenye jina la nchi na korongo wetu mwenye taji ni za mwaka huo. Mageuzi ya 1987 yalifuta sufuri mbili, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na sarafu mpya za 1, 2, 5 na 10 zikatoka. Leo hakuna muuzaji wa Owino atakayekupokea hata moja kati ya hizo, lakini zimejaa kwenye makopo ya vifungo na droo za cherehani nchi nzima. Zitafute sasa. Za 1998 mnazijua: swala wa hamsini, ng'ombe wa pembe ndefu wa mia, samaki wa mia mbili, korongo wa mia tano. Jaribu kupitisha sumaku juu ya sarafu za mia za miaka tofauti, uone zinazoshika na zisizoshika. Metali imekuwa ikibadilishwa ili kupunguza gharama. Hapo mtoto wa darasa la sita amejifunza uchumi kwa sumaku ya spika iliyokufa.

Za majirani ni rahisi kuzipata, kwa sababu wabadilisha fedha hawataki sarafu. Anayevuka Busia au Mutukula anarudi na chenji ambayo hakuna anayeipokea. Kenya ni somo zuri: kwa miongo mingi sarafu zake zilikuwa na sura za marais, kisha Katiba ya 2010, ibara ya 231, ikakataza picha ya mtu yeyote, na Desemba 2018 zikatoka za twiga, kifaru, simba na ndovu. Weka shilingi ya Kenyatta, ya Moi na ya twiga kwa mstari na hoja nzima ya katiba iko mezani. Tanzania ilianza 1966 na sura ya Nyerere upande mmoja, na upande wa pili wanyama waliopendwa na watoto wa wakati ule, kama sungura wa senti hamsini na mbuni wa senti ishirini. Za mbali zaidi zitaletwa na ndugu walioko ughaibuni, na wanajeshi waliohudumu Somalia, na, mapadri wataniwia radhi, na kapu la sadaka, ambalo hupokea sarafu za kila taifa.

Sasa za ukumbusho. Hapa lazima tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Kuna sarafu ya ukumbusho inayoingia katika matumizi ya kawaida, na kuna iliyotengenezwa ili iuzwe kwa wakusanyaji tu. Shilingi elfu moja ya rangi mbili ya mwaka 2012, ya miaka 50 ya Uhuru, ni ya aina ya kwanza. Umewahi kuipewa kama chenji. Vivyo hivyo shilingi 40 ya Kenya ya 2003, robo dola za Marekani zilizotoka kwa majimbo yote 50 kati ya 1999 na 2008, na sarafu za ukumbusho za euro mbili, ambazo ya kwanza ilitolewa na Ugiriki mwaka 2004 kwa Olimpiki ya Athens. Hizi mtu huzipata kwa thamani iliyoandikwa juu yake, ndiyo raha yake.

Za aina ya pili Uganda ilizijua mapema. Papa Paulo wa Sita alipozuru nchi hii kuanzia tarehe 31 Julai 1969, Papa wa kwanza kukanyaga Afrika kusini mwa Sahara akiwa madarakani, zilipigwa za fedha kuanzia shilingi 2 hadi 30, na za dhahabu kuanzia 50 hadi 1000. Ni nzuri, zinahusu tukio letu, na yule aliye na moja ya fedha ana haki ya kujivunia. Baada ya hapo jina la Uganda limeandikwa kwenye sarafu nyingi zilizopigwa ng'ambo na kuuzwa hukohuko, zenye Olimpiki na mambo mengine yasiyotuhusu. Mganda hakuwahi kununua nazo hata kiberiti. Kuzikusanya si kosa, lakini usilipie sana kwa kuwa tu zimeandikwa jina la nchi yako.

Turudi kwenye bei, kwa sababu watu wanaumizwa. Uzee peke yake hauleti bei. Kinacholeta bei ni uchache, hali ya sarafu, na kuwapo watu wanaoitaka. Uingereza ina peni hamsini ya 2009 yenye picha ya bustani ya Kew, iliyopigwa 210,000 tu, na watu huinunua kwa bei kubwa ingawa ni ya juzi. Afrika Kusini ilitoa randi tano ya Mandela mwaka 2008 alipotimiza miaka 90, nazo zilikuwa mamilioni. Walakini hadi leo wapo wanaotangaza moja kwa bei ya gari. Mtu akikupigia simu kwamba tajiri fulani anatafuta sarafu yako na atakulipa mamilioni, ila kwanza utume ada ya kuikagua, huyo ni mwizi. Mnunuzi wa kweli ataomba picha mbili, za pande zote, na atalipa yeye.

Hali ya sarafu ndipo watu wema wanapojiumiza wenyewe. Mtu anarithi kopo la jajja wake, yaani babu au bibi yake, anataka kutuheshimu, anakuja nazo zimesuguliwa kwa majivu na ndimu, au kwa dawa ya meno, zinang'aa kama kijiko kipya. Ule weusi au ukahawia uliokuwa juu yake ulikuwa ngozi iliyojengwa na miaka mingi, na ulikuwa unailinda metali. Ukisugua, unaondoa ngozi pamoja na mistari myembamba ya simba na herufi, na hairudi. Sarafu hiyo hupoteza sehemu kubwa ya bei yake siku hiyohiyo. Kama ina udongo, iloweke katika maji safi yasiyo na chumvi, uyabadilishe mara kadhaa, kisha uikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini cha pamba. Usiisugue. Ikiwa ina unga wa kijani unaozidi kuenea, itenge na nyingine na umwonyeshe mtaalamu.

Ishike kwa ukingo, si kwa uso, maana alama ya kidole yenye jasho hubaki kwenye shaba. Usiiweke kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, ile ya PVC: joto linapopanda hutoa asidi na kuacha utando wa kijani unaonata. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi zinatosha kabisa. Kwa wanaokaa karibu na ziwa, Entebbe au Jinja, unyevu ni adui mkubwa kuliko wizi. Okota vile vipakiti vidogo vya kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu vipya, uviweke kwenye sanduku, na usilihifadhi ukutani upande wa bafu.

Juu ya bahasha andika: nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda kama ipo, nani alikupa, wapi, lini. Haya matatu ya mwisho ndiyo huachwa, na kwangu ndiyo yenye uzito. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, akatia alama mahali pale kwenye ramani. Baada ya miongo kadhaa wataalamu walipozitazama waligundua kwamba tano kati yake zilipigwa na masultani wa Kilwa, kwenye pwani ya Tanzania ya leo, mamia ya miaka iliyopita. Jinsi zilivyofika Australia bado wasomi wanajadiliana. Bila ile alama ya ramani zingekuwa vipande vya shaba tu.

Kwa hiyo ukichimba msingi wa nyumba au choo ukakuta sarafu nyingi pamoja, au zikiwa ndani ya chungu, simamisha jembe. Usizigawe kwa wajenzi, usizioshe, usikivunje chungu. Piga picha mahali pake kabla hujagusa, pima kina kwa kamba, kisha toa taarifa kwa uongozi wa wilaya yako au kwa Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante, kwa kuwa vitu vya kale vinavyochimbuliwa ardhini vinalindwa na sheria. Na kopo la familia unaweza kulileta hata kesho. Lilete lilivyo, na vifungo vyake humohumo, na kama jajja yu hai, njoo naye.