Shangazi aliuliza kama aache samaki

Wiki iliyopita shangazi yangu wa Tanga alinipigia simu mchana. Nilipomwamkia, aliitika "marahaba" kwa sauti ya mtu mwenye jambo, akaenda moja kwa moja: "Mwanangu, ni kweli samaki analeta kansa ya ngozi?" Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kulikuwa na ujumbe unaosambazwa, kwamba chuo kikuu kimoja cha Marekani kimegundua wanaokula samaki wanapata melanoma. Shangazi ana miaka sabini na ushee na hajazoea kupitisha siku mbili bila kitoweo cha baharini. Alikuwa na hofu kweli. Vipande vya jodari alivyonunua asubuhi vilikuwa bado kwenye sinia, vimeshatiwa chumvi na ndimu, vinangoja neno langu.

Nilimwambia awashe jiko. Lakini jibu la simu ni fupi mno kwa jambo hili, na najua wengine wengi wameupokea ujumbe uleule. Mimi ni daktari wa ngozi, na sehemu kubwa ya muda wangu huenda kwenye utafiti wa saratani za ngozi, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Ujumbe ule haukutungwa. Utafiti upo, ulichapishwa mwaka 2022, na ni wa timu ninayoiheshimu: kundi la Chuo Kikuu cha Brown, mji wa Providence, likiongozwa na Eunyoung Cho. Kwa miaka mingi watu hawa wamekuwa wakichunguza jinsi chakula, vinywaji na mwenendo wa maisha vinavyohusiana na saratani za ngozi. Melanoma ni ile inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi, melanosaiti. Seli hizo tunazo sote, mweusi na mweupe, kwa idadi inayokaribiana. Kinachotofautiana ni aina na wingi wa rangi zinazotoa. Katika saratani za ngozi, melanoma si iliyo nyingi zaidi, ila ni hatari sana kwa sababu huwahi kuhama: kwenye tezi, mapafu, ini, ubongo.

Timu ya Brown haikwenda kuhesabu samaki kwenye sahani za watu. Ilitumia hazina ya taarifa iliyokuwapo tayari. Mwaka 1995 na 1996, madodoso yalitumwa kwa posta kwa wanachama wa AARP, chama kikubwa cha wazee wa Marekani, wenye umri kati ya miaka 50 na 71. Dodoso liliuliza kuhusu vyakula 124: unakula mara ngapi, na kiasi gani kila mara. Baadaye majina yakalinganishwa na rejista za saratani. Katika watu 491,367 waliochambuliwa, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 15, watu 5,034 walipata melanoma iliyokwisha kupenya ngozi, na 3,284 walipata ile ya hatua ya sifuri, ambayo bado imekaa tabaka la juu tu.

Watu wakapangwa kwa makundi, kuanzia anayekula samaki kidogo kabisa hadi anayekula zaidi. Kundi la juu lilikuwa likila kama gramu 43 kwa siku, la chini gramu 3. Kundi la juu lilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata melanoma, kwa asilimia 22. Kwa jodari peke yake, asilimia 20.

Asilimia 22 ya nini? Hapo ndipo ujumbe wa WhatsApp ulipomwacha shangazi njia panda. Piga hesabu: watu 5,034 katika 491,367 ni kama watu 10 katika kila 1,000 kwa miaka 15. Ukiongeza asilimia 22 juu ya 10, unapata 12. Yaani hata kama samaki ndiye mwenye kosa lote, tunazungumzia watu wawili zaidi katika elfu moja kwa miaka kumi na mitano, na hao ni Wamarekani wazee ambao wengi wao mno ni Wazungu, watu ambao ngozi yao huungua kwa jua la saa moja. Ujumbe ulitaja asilimia bila kutaja msingi wake. Hilo huniudhi, maana mtu wa kawaida akisikia 22 anadhani watu 22 kati ya 100.

Sasa, je, ni samaki kweli? Fikiria mstaafu wa Florida anayekula samaki kila siku. Pengine anakaa karibu na bahari. Pengine ana mashua, anavua mwenyewe, mgongo wazi, toka asubuhi. Pengine ni mtu wa kujali afya, anatembea nje kila jioni. Samaki ameingia naye kwenye dodoso, lakini jua nalo limeingia, limejificha nyuma ya samaki. Kazi ngumu kuliko zote katika utafiti wa aina hii ni kumtoa huyo aliyejificha. Timu ilijitahidi: ilizingatia uzito, mazoezi, sigara, pombe, historia ya saratani katika familia, hata kiwango cha mionzi ya jua katika eneo la kila mtu. Ila dodoso halikuwa na taarifa kuhusu idadi ya vidoa vyeusi mwilini, rangi ya nywele, kama mtu aliwahi kuungua vibaya na jua, wala anavyojianika. Wenyewe waliyasema hayo wazi. Na mambo hayo si madogo: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2005 ulionyesha kwamba mtu mwenye vidoa zaidi ya 100 ana hatari karibu mara saba ya mwenye vidoa visivyozidi 15. Ukilinganisha mara saba na asilimia 22, unaona ni nani mkubwa chumbani.

Kuna jambo jingine lililonifanya nitulie. Ongezeko kwa melanoma ya hatua ya sifuri lilikuwa kubwa zaidi, asilimia 28. Hatua ya sifuri haiumi, haitoki damu. Huonekana kwa mtu anayekwenda kupimwa ngozi mara kwa mara. Mimi nashuku kwamba sehemu ya tofauti hii inatokana na wala samaki kuwa watu wa kwenda kwa daktari. Huo ni mtazamo wangu. Watafiti wenyewe walielekeza fikra kwenye sumu zinazoweza kujikusanya ndani ya samaki, kama zebaki na aseniki, lakini hawakuzipima katika miili ya washiriki, na hawakumshauri mtu yeyote apunguze samaki. Tena kwa samaki wa kukaanga hawakuona ongezeko. Mpishi yeyote wa Pwani atauliza: zebaki inaondoka kwenye mafuta ya moto? Haiondoki.

Kabla ya samaki palikuwa na balungi. Mwaka 2015 watafiti wa Brown walitoa matokeo kutoka kwa zaidi ya wanawake na wanaume 100,000 wanaofanya kazi za afya Marekani: waliokula matunda ya jamii ya machungwa mara 1.6 kwa siku au zaidi walikuwa na hatari ya melanoma iliyozidi kwa asilimia 36 kuliko waliokula chini ya mara mbili kwa wiki, na balungi ndilo lililoongoza. Hapa nilisimama zaidi, kwa sababu njia yake inaeleweka. Ndimu na balungi zina kemikali ziitwazo psoraleni, zinazoifanya ngozi iungue haraka chini ya jua. Nimeona mikono ya wauza juisi waliokamua ndimu wakakaa juani: malengelenge kwanza, kisha michirizi ya rangi ya kahawia inayofuata njia ya maji ya ndimu hadi kwenye kiwiko, ikakaa miezi. Kwamba psoraleni ya kunywa inafanya hivyohivyo kwa ngozi nyeupe kiasi cha kuzaa saratani, hilo bado linahitaji ushahidi wa nguvu zaidi ya dodoso.

Ushahidi wa nguvu unafananaje? Nambour, mji mdogo wa Queensland, Australia. Mwaka 1992 timu ya Adele Green ilichukua wakazi 1,621 na kuwagawa kwa kura. Nusu walipewa losheni ya kukinga jua wapake kila siku kichwani, shingoni, mikononi. Nusu waliachwa waendelee na mazoea yao. Kuwapa losheni bandia wangeweza, wakakataa, kwa kuwa si haki kumdanganya mtu kwamba amekingwa. Na ili wajue nani anapaka kweli, walizipima uzito chupa zilizorudishwa. Hilo la mizani na chupa hunifurahisha kila ninapowafundisha wanafunzi: hawakutegemea mtu atasema nini, walipima kilichopungua. Jaribio likaisha 1996, wakaendelea kuwafuatilia miaka kumi zaidi. Waliopaka kila siku walipata melanoma 11, wengine 22. Zilizopenya ngozi zilikuwa 3 kwa 11. Idadi ni ndogo, nakubali, lakini kura iliyachanganya yote yaliyojificha, wala samaki na wasiokula, wenye mashua na wasio nayo, yakagawanyika pande zote mbili.

Lakini Nambour nako si kwetu, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Miaka michache iliyopita alikuja kliniki mama mmoja muuza samaki, mguu umefungwa kitambaa cha khanga. Alikuwa amezunguka karibu mwaka mzima. Mahali pa kwanza aliambiwa ni sugu, ikakwanguliwa kwa wembe. Pa pili wakasema fangasi, akapewa krimu. Pa tatu wakasema kidonda cha kisukari, na sukari yake haikuwa na tatizo. Nilipofungua kitambaa, kisiginoni kulikuwa na baka jeusi pana kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, kingo zimeingia na kutoka kama ramani ya pwani, upande mmoja rangi imepauka kuwa kijivu, katikati nyama imeinuka na inavuja. Nikapapasa kinena. Tezi ilikuwa ngumu, ukubwa wa kokwa ya zambarau. "Lilianza kama tone la wino, mwanangu," aliniambia. "Nikajua nimekanyaga kitu."

Hakuna neno hata moja katika dodoso lile la vyakula 124 ambalo lingemwokoa mama yule. Kwa watu weusi, melanoma hukaa zaidi unyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali jua halifiki. Ndiyo aina iliyompata Bob Marley kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Ukichambua jeni za melanoma za unyayo, zile alama ambazo mionzi ya jua huacha ni chache. Kinachoonekana ni vipande vya kromosomu vilivyokatika na kuungwa ovyo. Kwa hiyo mtu mweusi asiye na ualbino, mimi simwandikii losheni ya jua kwa ajili ya kuzuia melanoma. Kwa mwenye ualbino ni habari nyingine kabisa: huyo jua linamuua kweli, zaidi kwa saratani za aina nyingine za ngozi, na losheni zinazotengenezwa pale Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili yake ni dawa kama dawa nyingine.

Basi unyayo unapata melanoma kwa nini? Swali hili lina historia ya hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1967 mwanapatholojia aitwaye Lewis, akiwa Makerere, Kampala, alichapisha kazi kuhusu melanoma ya Uganda, akiangalia uhusiano wake na madoa ya rangi kwenye nyayo za watu. Aliuliza kuhusu mwili na mwendo wa watu wa hapa, si kuhusu ufukwe wa Florida. Mwaka 2016 Wajapani wa Chuo Kikuu cha Shinshu walichora melanoma za unyayo kwenye ramani ya mguu: zilijazana kisiginoni na sehemu ya mbele inayobeba uzito, na kwenye upinde wa mguu zilikuwa chache. Hilo linaashiria mgandamizo wa miaka mingi. Ni uhusiano tu, kama ule wa samaki, nami naupima kwa mizani ileile. Lakini ni swali linalotuhusu: umesimama saa ngapi kwa siku, umebeba nini kichwani, umevaa nini mguuni. Ningependa chuo kikuu chetu kimojawapo kitunge dodoso lenye maswali hayo, kisha mtu aketi sakafuni na kutazama nyayo za wauza samaki, wakulima wa mpunga na makuli wa bandarini, miaka kumi mfululizo. Nimeshaanza kuandika ombi la fedha.

Mama yule alifanyiwa upasuaji, lakini saratani ilikuwa imeshafika kwenye tezi.

Nilimweleza shangazi yote haya kwa ufupi, nikamwambia: ukishanawa miguu jioni, kaa penye mwanga, tazama nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha, ukiona doa jeusi linalopanuka au mstari mweusi kwenye kucha unaozidi kunenepa, usikubali likwanguliwe kabla kinyama hakijapelekwa maabara. Akauliza kama anaweza kutazamwa na mjukuu, kwa kuwa goti halikunji vizuri. Nikamwambia ndiyo, amwite.

Saa moja na nusu usiku picha mbili ziliingia kwenye simu yangu. Nyayo zote mbili, zimeoshwa, zimewekwa juu ya mkeka, taa ya simu imemulikwa kwa pembeni. Nilizikuza kipande kwa kipande. Kisigino cha kushoto kina mipasuko, na kovu jembamba karibu na kidole gumba ambalo mjukuu alikuwa ameliandikia maelezo: "Bibi anasema hili ni la chaza, kabla baba hajazaliwa." Mengine yote yalikuwa safi. Picha ya tatu ilikuwa ya sahani: jodari wa kupaka, na wali.