Jino la mjukuu "limezaa"

Bibi mmoja wa Mikindani alimleta mjukuu wake wa miaka minane, shauri akiwa ameshalikata nyumbani. Hata sijamaliza shikamoo: "Marahaba. Daktari, jino la mtoto limezaa. Nitolee hicho kitoto."

Nikamlaza mtoto, nikavuta taa. Gego la kwanza la juu, ubavuni upande wa ulimi, lilikuwa na kinundu cha ziada kisichozidi punje ya mtama. Jino zima, jeupe, halijaoza popote.

Kinundu hicho huitwa cha Carabelli, kwa jina la daktari wa meno wa Vienna aliyekieleza karne ya 19. Wapo wenye kishimo tu mahali hapo, wapo wenye kinundu kamili, na wapo ambao pako laini kabisa. Wote wazima. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kukiandika kwenye kadi "jino la ziada", mwalimu akanisomea kwa sauti mbele ya darasa.

Magego si matofali ya kibao kimoja. La kwanza la juu lina vinundu vikuu vinne. Kwenye la pili, cha nyuma upande wa ulimi mara nyingi kimenywea, pengine hakipo. Chini, la kwanza huwa na vitano, la pili mara nyingi vinne. La mwisho halina adabu: laweza kuwa na mikunjo kama bibo lililonyauka, laweza kuwa dogo kama kigingi, au lisiote maisha yote.

Kwa nini? Mwaka 2007 watafiti Kathryn Kavanagh, Alistair Evans na Jukka Jernvall walichapisha majaribio ya vichipukizi vya meno ya panya. Gego linalotangulia humzuia mdogo wake, lile la nyuma yake. Walipolitenga na tishu ya nyuma yake, la pili likaanza mapema na likawa kubwa zaidi. Vinundu vya jino moja navyo hugombania nafasi hivyo hivyo: kilichotangulia hakiruhusu kingine kuchipua karibu mno. Tofauti ndogo tu ya ukuaji, na pembeni panapatikana upenyo wa kinundu kimoja zaidi. Kwa binadamu hesabu hii ya gego kumzuia mdogo wake haikai sawa kila mara, lakini mimi huikumbuka nikitazama picha za Zinj, lile fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai 1959: gego lake la pili lilizidi la kwanza. Kwetu sisi, la kwanza ndilo kubwa kwa kawaida.

Na yote haya huamuliwa mapema. Gego la kwanza la utu uzima huanza kujengwa karibu na kuzaliwa. Likifika fizini mtoto ana miaka sita, umbo lilishakamilika zamani. Baada ya hapo jino hulika tu, halikui.

Kilichonishughulisha mimi ni kijifereji kati ya kinundu na jino, maana mabaki ya chakula hujificha humo. Nikakiziba bila kuchonga kitu, nikamwonyesha mtoto namna ya kupitisha mswaki hapo.

"Hebu na wewe bibi, nikuangalie."

Akacheka, akajifunika mdomo kwa kanga, kisha akakubali. Magego yake yamelika juu hadi kuwa bapa, miaka na miaka ya korosho na mihogo mikavu. Ubavuni, kinundu kilekile. Umbo la meno hurithiwa kwa kiasi kikubwa.

Nikampa mjukuu kioo kidogo cha mkono. Akachungulia muda mrefu.

"Bibi! Na lako limezaa!"