Nywele za mbele kuisha ukiwa bado kijana: yanayosemwa saluni na ukweli wake

"Vumilia, zikibana ndiyo zinakaa." Maneno haya nimeyasikia tangu nasukwa mapajani kwa shangazi, na ndiyo yaliyonimalizia nywele za upande wa kushoto kabla sijafika miaka 24. Msusi wangu alizoea kuanzia upande huo, mkono ungali na nguvu. Akifika kulia ameshachoka, analegeza. Usiku nilikuwa nalala chali kwa maumivu, asubuhi naona vipele vyenye usaha vimejipanga kwenye mistari kama punje za ulezi. Nikaambiwa ni joto la rasta mpya.

Si joto. Msuko haupaswi kuuma, na vipele vile ni ngozi inayolalamika. Kila unywele umeshikwa na kifuko kidogo ndani ya ngozi. Kikivutwa wiki hadi wiki huvimba, kisha huanza kutoa unywele mwembamba, na mwisho huziba kwa kovu. Kabla ya kovu, ukiacha kubana nywele hurudi. Kovu likishaingia, hakuna mafuta ya mnyonyo wala ya nazi yatakayozirudisha. Kwa hiyo usisubiri "zijae zenyewe". Simama dirishani na kioo uangalie: ngozi ikiwa laini, inang'aa, na vitundu vya nywele havionekani tena, mwone daktari wa ngozi mapema. Nywele zilizotiwa dawa ziko hatarini zaidi zikisukwa kwa kubana, vivyo hivyo rasta ndefu nzito na wigi la gundi.

Na ile ya kusema kusuka kunakuza? Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, umesuka au hujasuka. Msuko mlegevu huzilinda zisikatike, basi.

Linaloniumiza zaidi ni hili: "Kuna mtu kachukua nywele zako." Huambiwa anayeamka na baka la mviringo, laini, lisilo na magamba wala maumivu. Hajarogwa. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe inayoshambulia vifuko vya nywele. Vifuko hivyo mara nyingi havifi, na mabaka machache kwa kawaida huota tena ndani ya miezi kadhaa, wakati mwingine zikianza kutoka nyeupe. Lakini binti anazungushwa kwa waganga, anasuguliwa kitunguu saumu mpaka ngozi inaungua, na majirani wanaanza kunyoosheana vidole. Daktari angeweza kulitambua baka lile kwa kulitazama tu.

Baka lenye magamba, linalowasha, nywele zikiwa zimekatika usawa wa ngozi, hilo ni jambo jingine: mapunye, hasa kwa watoto. Kupaka losheni peke yake hakutoshi kwa sababu fangasi wamo ndani ya unywele wenyewe. Inahitajika dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na si mashine ya kinyozi tu inayoambukiza. Kitana, kofia na mto wa pamoja pia.

Kwa vijana wa kiume, upara wa kurithi hausababishwi na kofia, wala hautoki kwa wajomba peke yao. Unarithiwa pande zote mbili, na unaweza kuanza hata kabla ya miaka 20, kona moja ya paji ikitangulia nyingine. Kunyoa hakuzifanyi zirudi nene. Minoksidili, dawa ya kupaka iliyoanzia kwenye tiba ya shinikizo la damu, huwasaidia wengi, ila inataka miezi isiyopungua minne, na ukiiacha, ulichopata kinapotea.

Mimi nilifumua, nikakaa na nywele zangu wazi karibu mwaka mzima. Siku hizi namwambia msusi "legeza, dada" kabla hajashika fungu la kwanza, na akikaza nanyanyuka. Upande wa kushoto umerudi, isipokuwa sehemu ya upana wa kidole juu ya sikio.