Je, wajua Iringa ya kwanza leo ni kijiji cha wakulima?

Ukitoka Iringa mjini ukashika barabara ya Hifadhi ya Ruaha, kilomita kama 15 hivi unafika Kalenga. Mahindi, nyanya, vitunguu. Mgeni asiyejua anapita tu. Kumbe hapo ndipo ilipokuwa Iringa yenyewe, makao makuu ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Sasa ilikuwaje mji ukahama, mashamba yakabaki?

Jibu liko bondeni. Kalenga imekaa kando ya Ruaha Mdogo, mto unaoanzia Mufindi na kuteremka hadi Ruaha Mkuu. Huku mvua ina msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Ikishakatika, shamba la mlimani linakauka, lakini udongo wa bondeni unabaki na unyevu. Hapo ndipo watu wanalima vinyungu, yaani bustani za mabondeni: unainua matuta, maji yanapita katikati, unavuna mboga, maharage na mahindi mabichi wakati mlimani ni vumbi. Mtawala mwenye askari wa kulisha na ng'ombe wa kunywesha angetafuta nini tena?

Mkwawa akaizungushia Kalenga ukuta wa mawe na udongo, ngome ya Lipuli. Kwa vita vya mikuki na magobole ilitosha kabisa. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wenzake walirudi baada ya miaka 3, safari hii na mizinga, na bonde lile lile likawa mtego. Wenyeji husimulia kuwa makombora yalitoka kwenye kilima cha upande wa Tosamaganga. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya kuvizia hadi 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe.

Wajerumani hawakutaka kukaa bondeni. Mwaka 1896 Tom von Prince alianza kujenga boma jipya juu, mahali pa kuona adui akiwa mbali, na jina la Iringa likahamia huko. Ndiyo maana mpaka leo mji uko juu na mto uko chini, Ipogolo. Mkulima asingejenga hivyo. Hayo ni mawazo ya askari.

Fuvu la Mkwawa lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza likabidhiwe kwa Waingereza, ila lilirudi 1954, gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Halikuwekwa mjini. Lipo kwenye makumbusho ya Kalenga, na daladala za huko zinapatikana Iringa mjini.