Kerneli ya Linux ikigoma kukompailika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kerneli ni kiini cha mfumo wa Linux, na kuikompaili ni kuugeuza msimbo wake kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta. Inapogoma, haya ndiyo husemwa.

“Kosa ni ule mstari wa mwisho.” Dhana hii imekesha na watu wengi. “Error 2” ya mwishoni ni make, programu inayosimamia kazi hiyo, ikitoa taarifa tu kwamba kuna kazi imeshindwa huko chini. Ukiandika make -j8, kazi nane huenda kwa pamoja. Moja ikianguka, nyingine humalizia zilichoanza huku zikimwaga maandishi, na chanzo kinazikwa juu. Rudia kwa make -j1, yaani kazi moja moja. Wengi huogopa kwamba itachukua siku nzima, lakini mafaili yaliyokwisha kukompailiwa hayarudiwi, kwa hiyo utafika haraka penye jeraha. Hapo soma “error:” ya kwanza, zilizobaki ziache kwanza.

“Basi msimbo wa kerneli ni mbovu.” Mara nyingi umesingiziwa. Mwaka 2020 ilitoka GCC 10, toleo la kompaila (programu inayokompaili msimbo), na kerneli za zamani zilizokuwa zikikompailika bila shida zikaanza kulalamika: “multiple definition of yylloc”, yaani jina yylloc limefafanuliwa zaidi ya mara moja. Msimbo ulikuwa uleule; kompaila ndiyo iliyobadili tabia. Tangu toleo hilo hutumia chaguo la -fno-common hata usipoiambia, hivyo jina moja likitangazwa bila extern (neno linalosema kwamba jina limefafanuliwa kwingine) katika mafaili mawili, hatua ya kuunganisha inakataa. Watunzaji wa kerneli walitibu kwa kufuta mstari mmoja, “YYLTYPE yylloc;”, ndani ya scripts/dtc/dtc-lexer.l. Mstari mmoja, baada ya kelele zote zile! Mwaka 2025 mambo yakajirudia: GCC 15 ilihamia C23, toleo jipya la lugha ya C, ambamo bool, true na false ni maneno ya lugha yenyewe, na kerneli za zamani zilizojitungia false yao zikakwama. Kwa hiyo kabla hujagusa msimbo, linganisha umri wa kerneli na umri wa kompaila yako.

“Nimenakili mipangilio ya Ubuntu inayofanya kazi, haiwezi kukataa.” Itakataa, tena kwa kudai debian/canonical-certs.pem. Cheti hicho kimo katika msimbo wa Ubuntu, si katika ule uliopakua kutoka kernel.org, tovuti ya kerneli yenyewe. Acha kukitafuta, ondoa thamani ya SYSTEM_TRUSTED_KEYS kwenye .config (faili la mipangilio ya kerneli), na ya SYSTEM_REVOCATION_KEYS kama nayo imejazwa.

“Faili la .h halipo, maana yake nimepakua kerneli pungufu.” Likiwa gelf.h au la openssl, kinachokosekana ni kifurushi kwenye kompyuta yako: libelf-dev au libssl-dev kwa wanaotumia Debian na jamaa zake kama Ubuntu.

“Ikishindikana, safisha kwa make mrproper uanze upya.” Ukitaka kulia, sawa. Amri hiyo hufuta na .config yako, ile uliyoipangilia jioni nzima. make clean huiacha. Kama mrproper haiepukiki, nakili .config nje ya folda kwanza.

Na ukiona “Killed” peke yake, bila faili wala namba ya mstari, huenda RAM imeisha. Punguza -j8 iwe -j2.