Picha ya chumba tulivu katika uchoraji wa Denmark ni nini?

Ni mchoro wa rangi za mafuta unaoonyesha ndani ya nyumba bila kisa chochote kinachoendelea. Utaona ukuta, mlango, dirisha, meza, na pengine mwanamke mmoja aliyekupa mgongo. Wachoraji wa Denmark waliushikilia mtindo huu tangu miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mfano wao ulikuwa Waholanzi wa karne ya 17, hasa Johannes Vermeer na Pieter de Hooch, ila Wadenmark walipunguza sana yale yanayomfanya mtazamaji ajitungie hadithi: barua, mgeni, bilauri ya divai.

Jina kubwa hapa ni Vilhelm Hammershøi (1864–1916). Kati ya 1898 na 1909 aliishi na mkewe Ida katika nyumba namba 30, mtaa wa Strandgade, Copenhagen, akawa anavichora vyumba vilevile tena na tena. Mchoro wake wa 1900 wa vumbi linaloelea kwenye miale ya jua, uliopo jumba la makumbusho la Ordrupgaard, hauna hata kiti. Kuna dirisha, mlango uliofungwa, na mwanga uliolala sakafuni. Mlango wenyewe hauna kitasa! Basi usidhani alikuwa akinakili nyumba yake kama ilivyokuwa. Alichagua cha kubakiza na cha kuondoa.

Lakini kuondoa samani peke yake hakuleti utulivu. Kazi kubwa inafanywa na rangi. Hammershøi alitumia chache, hasa kijivu, nyeupe, nyeusi na hudhurungi, na akazisogeza karibu kiasi kwamba kati ya ukuta na mlango tofauti ni ndogo mno. Ndiyo maana shingo ya Ida iliyo wazi juu ya gauni jeusi inavuta jicho mara moja. Kingo za vitu nazo hazikatwi kwa ukali. Zimelainishwa kwa mipigo mifupi ya brashi. Anayejaribu kuiga kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe tu hupata kijivu kilichokufa, kwa sababu kijivu cha namna hii huhitaji upande unaoelekea njano na mwingine unaoelekea buluu. Picha za michoro hii zilizopigwa kwa simu na kuongezwa ukali wa rangi huharibu jambo hilohilo.

Carl Holsøe na Peter Ilsted, kaka yake Ida, huwekwa kundi moja na Hammershøi, ingawa vyumba vyao vina joto zaidi: mbao zinazong'aa, maua, na kwa Ilsted mara nyingi watoto. Anna Ancher, mchoraji wa Skagen, mji wa wavuvi kaskazini mwa Denmark, ndiye anayeleta ubishi. Katika mchoro wake wa 1891, binti yake Helga amekaa akifuma kwenye chumba cha buluu, na jua la njano limepiga ukutani. Hakuna kijivu cha Strandgade hapo, wala huzuni. Hata hivyo mtoto naye ametupa mgongo, hakuna tukio, na mwanga ndio mhusika mkuu. Kwangu hiyo inatosha kumhesabu.